Pedali yangu ilipenda umeme ukatike!

MSOMAJI, kama umewahi kukaa uswahilini unajua kwamba umeme ukikatika mtaa mzima unasema "aaaah" kwa pamoja, na ukirudi watoto wanashangilia kama vile Simba au Yanga wamepata bao. Mimi kwa muda wa wiki tatu nilikuwa kinyume na mtaa. Umeme ukikatika nachekelea, ukirudi nanuna. Ilifika mahali jirani yangu, mama mmoja anayeuza vitumbua, akaniuliza kama nina biashara ya mishumaa.

Sikuwa na mishumaa. Nilikuwa na pedali ya gitaa niliyoitengeneza mwenyewe chumbani, juu ya stuli, na hiyo pedali ilikuwa inafanya kazi gizani tu. Mchana haifanyi. Usiku taa ikiwaka haifanyi. Wale jamaa wa umeme wakikata, ndiyo inaamka na kuimba kama malaika. Washikaji zangu walisema ina jini. Mpiga besi wetu, ambaye ana mdomo kuliko gitaa lake, alisema siyo jini, ina mkataba na watu wa mgawo.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi napiga gitaa kwenye bendi ndogo, Ijumaa na Jumapili, kwenye baa moja ya Sinza. Tunapiga zilipendwa, maana wateja wenyewe ni wazee wa makamo wenye vitambi na hela zao, siyo sisi. Siku moja kiongozi wetu akaniita pembeni, akaniambia, "Dogo, vidole unavyo, lakini gitaa lako limekauka kama mkate wa juzi. Lile la kwenye rekodi linazunguka, linapumua. La kwako limesimama tu." Akaniambia nitafute pedali, la sivyo solo zote atampa mpiga kinanda. Msomaji, hakuna kitu kinachouma mpiga gitaa kama kunyang'anywa solo na kinanda!

Nikaulizia bei. Pedali mpya ya maana ilikuwa ni kodi ya chumba changu ya miezi kadhaa, na mimi hata hiyo kodi huwa nailipa kwa kujificha. Hapo ndipo mshikaji mmoja akanionyesha kwenye simu yake Jimi Hendrix akiwa Woodstock, Agosti mwaka 1969. Gitaa linasema maneno, halafu linayumba, kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa la maji na hilo pipa linazungushwa. Nikauliza, hiki ni nini? Akasema kinaitwa Uni-Vibe, ni kisanduku cha Kijapani cha miaka hiyo ya sitini. Nilikula bando la usiku lote nikikisoma. Alfajiri inaingia nimeshaamua kwamba nitakitengeneza.

Sasa hapa naomba utulie, maana ndipo utamu ulipo. Ndani ya kile kisanduku sauti ya gitaa inapitishwa kwenye milango minne. Kila mlango una transista yake, kapasita yake, na kitu kidogo mafundi wanakiita LDR, ambacho mimi nakiita kijicho. Kijicho hiki kwenye giza kinazuia umeme, kwenye mwanga kinauachia. Kila mlango unaichelewesha sauti kidogo, na haichelewi yote sawasawa, sauti nene inachelewa kivyake na nyembamba kivyake. Mwishoni ile iliyochelewa inachanganywa na ile ya asili. Pale zinapopishana zinauana, pale zinapokwenda pamoja zinatiana nguvu. Katikati ya vile vijicho vinne kuna balbu moja ndogo, inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, na kila inapofanya hivyo pale mahali pa kuuana panahama. Sikio lako linasikia mzunguko. Hakuna kompyuta humo, hakuna chipu, ni transista kumi na kitu na kibalbu.

Aliyebuni kitu hicho ni mhandisi wa Kijapani aitwaye Fumio Mieda, alikibuni kwa kampuni ya Shin-ei, na baadaye akiwa Korg alishiriki kuunda kinanda cha MS-20 cha mwaka 1978. Watu wengi hudhani alikuwa anaiga zile spika za Leslie zinazozunguka ndani ya kabati. Lakini mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia kwa kusikiliza redio usiku. Alikuwa anasikiliza matangazo ya Moscow, sauti inavuka bahari na kupita angani huko juu, inafika Japani ikiwa inakuja na kuondoka, inayumbayumba. Yeye akaipenda ile hitilafu.

Nilipoisoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Nitakwambia kwa nini, ila kwanza twende Kariakoo.

Nilishuka Kariakoo na karatasi yangu ya mchoro, niliyoichapisha stesheneri kwa mia mbili, wino wenyewe umevuja. Kuna vijiduka vya spea za redio na simu vya upana wa mlango mmoja, ndani kuna jamaa amekaa katikati ya vidroo mia moja na kila kimoja anajua kina nini. Nikamsomea kapasita za ile milango minne: nanofaradi 15, nanofaradi 220, pikofaradi 470, nanofaradi 4.7. Akaniangalia. "Kwa nini zote tofauti? Chukua nne za aina moja nikupunguzie bei." Nilitaka kukubali, kwa kuwa kupunguziwa bei ni udhaifu wangu, lakini mchoro uling'ang'ania, na baadaye nilielewa kwamba ile tofauti ndiyo inayofanya sauti iyumbe kwa mapana badala ya kupiga mahali pamoja. LDR alikuwa nazo, transista alikuwa nazo. Balbu hakuwa nayo. "Balbu za nyuzi ndogo hivyo nani anauza siku hizi? Chukua LED, inawaka vilevile, haili betri." Nikachukua LED. Kumbuka hiyo LED, msomaji.

Nilitumia kama elfu sabini zote kwa zote, pamoja na chuma cha kuyeyushia risasi na mita ya bei poa. Elfu sabini hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye ni mama mwenye nyumba. Tuyaache hayo.

Siku tano nilichomelea. Nikaungua kidole cha shahada, nikaunguza stuli, nikaunguza na shati la kupigia muziki. Kisanduku nilitumia kontena la plastiki la kuwekea chakula, lile jeupe lenye kifuniko. Betri mbili za volti 9 nikazifunga mfululizo nikapata volti 18. Amplifaya sina ya nyumbani, natumia spika ya kuchaji, ile ile wanayozunguka nayo wauza dawa za mende na kunguni. Ilikuwa saa nane mchana. Nikawasha, nikapiga noti moja.

Ikatoka noti moja. Mkate wa juzi!

Nikazungusha voliumu zote, nikageuza swichi, wapi. Sauti inaingia inatoka, haina hata mtikisiko. Jioni ndugu zangu wa bendi wakaja kuona maajabu, wakaona kontena la wali lenye waya. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ni katikati ya kicheko hicho umeme ukakatika, mtaa ukasema "aaaah", na mimi kwa hasira, gizani, nikapiga uzi.

Jamani! Noti ilitoka ikainuka, ikageuka, ikazama, ikarudi. Chumba kizima kikawa kinazunguka. Mpiga besi aliacha kucheka. Tulikaa gizani kama robo saa napiga tu, hakuna anayeongea, nje watu wanalalamikia feni na friji. Halafu umeme ukarudi, watoto wakashangilia, taa ya chumbani ikawaka, na pedali ikafa papo hapo katikati ya noti.

Hali ikaendelea hivyo wiki tatu. Nilipima kila kitu nilichojua kupima, nacho si kingi. Nilikuwa najua LDR inaona mwanga, usinione mjinga kiasi hicho, lakini nilikuwa nimefunga kifuniko! Kilichofungwa kimefungwa. Nikafikiri labda umeme wa ukutani unaingilia waya zangu. Nikabadilisha transista mbili nzima kwa zingine nzima. Betri zikaniishia mara tatu. Kiongozi wetu akanipa tarehe: Jumapili ya mwisho wa mwezi, pedali au kinanda.

Palikuwa na mtu mmoja tu ninayemjua ambaye angeweza kunisaidia, na mtu huyo tulikuwa hatuongei.

Baba yangu ni fundi redio. Yuko Tanga, Ngamiani, kwenye kibanda kile kile tangu sijazaliwa. Amekulia mji ambao ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mpaka leo ukimtajia bendi za Dar anakohoa. Tulipokuwa wadogo, kila usiku baada ya kula alikuwa anatoa redio yake kubwa ya mbao barazani, anavuta waya wa antena mpaka kwenye mwembe, anaanza kutafuta masafa mafupi. London, Bonn, na zamani kabla ya sisi anasema hata Moscow, ambako nako walikuwa wanatangaza kwa Kiswahili. Sauti ya mtangazaji ilikuwa inakuja na kuondoka. Inanenepa, inakonda, inazama kama mtu anayepiga mbizi, halafu inaibuka katikati ya sentensi. Sisi tulikuwa tunanung'unika kwamba redio mbovu. Baba anasema, "Siyo mbovu. Hiyo sauti imefika kwa njia mbili, nyingine imechelewa njiani. Zinagombana mlangoni." Nilikuwa na miaka saba au minane, nikadhani ni hadithi.

Umeona sasa kwa nini nilinyamaza niliposoma habari za yule Mjapani.

Sababu ya kutoongea ni hii, na siipambi. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yangu hayakuwa ya kuning'iniza ukutani. Baba hakunisema. Alikusanya laki nne, sijui alizikusanya vipi kwa kibanda kile, akanitumia nikiwa Dar kwa mjomba nilipie ada ya chuo cha ufundi, kozi ya elektroniki. Mimi nikanunua gitaa. Nikamzuga miezi minne kwamba nasoma, mpaka mjomba alipopiga simu Tanga kwa shughuli zake nyingine na jambo likamtoka. Baba hakugomba wala hakutukana. Alisema neno moja tu, "Sawa," akakata simu, na kwa miaka miwili tulikuwa tunaongea siku za Idi, dakika moja, halafu anampa mama.

Kwa hiyo nilipiga kwa mama. Mama nikamzunguka na salamu za mjini na mvua na kuku, mpaka akasema, "Sema unachotaka." Nikasema nataka kuongea na baba. Nikasikia mkono unafunika simu, minong'ono, kiti kinavutwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kimya.

"Unaumwa?"

"Hapana baba, siumwi."

"Umefungwa?"

"Hapana."

"Basi unataka hela."

"Sitaki hela baba. Nataka kuuliza kuhusu transista."

Safari hii kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba niliangalia simu nikidhani salio limeisha. Kwa mbali nilisikia redio yake. Halafu akasema, "Uliza."

Nikamweleza yote. Milango minne, vijicho, taa katikati, mchana haifanyi, usiku taa ikiwaka haifanyi, giza linaifanya. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Sasa hapo mgonjwa ni nani, transista au jicho?"

Nikasema jicho nimelifunika.

"Umelifunika na nini?"

"Kontena la plastiki, lina kifuniko."

"Rangi gani?"

"Jeupe."

"Washa tochi ya simu, ifunike na hilo kontena."

Nikaazima simu ya jirani, nikawasha tochi, nikaifunika. Kontena lote likawaka kama taa ya msikitini.

"Unaona nini?"

"Naona mwanga, baba."

"Na wao wanaona," akasema, akakata.

Nilicheka peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Wiki tatu! Vijicho vyangu vilikuwa vimeshiba mwanga wa dirishani na wa taa ya dari, ile taa yangu ndogo ya katikati hata wasiione. Ukizima dunia, ndiyo wanaiona. Nikatafuta bati la biskuti, nikahamishia kila kitu humo. Juu ya vile vijicho vinne na LED nikafunika kopo la nyanya nililolikata, ndani linang'aa, chini nikalizungushia utepe lisiguse waya. Kwenye mchoro kulikuwa na kikopo cha namna hiyo hiyo toka mwanzo, mimi nilidhani ni urembo.

Saa nane mchana, jua kali, dirisha wazi. Nikapiga noti na ikazunguka.

Ila, msomaji, kuna kitu hakikukaa sawa. Ilikuwa inazunguka, lakini kwa vishindo, tap, tap, tap, kama feni lililogusa waya. Kwenye giza siku ile ya kwanza, kwa furaha, sikuligundua hilo. Ukisikiliza Hendrix, au David Gilmour wa Pink Floyd kwenye santuri yao ya mwaka 1973, inapanda haraka na kushuka kwa kusita, kama kifua cha mtu aliyelala. Yangu ilikuwa kifua cha mtu aliyekimbizwa na mbwa. Nikasema basi, itatosha, Jumapili yenyewe imebaki siku tisa.

Kesho yake saa moja asubuhi simu ikaita. Namba ya baba, na si ya mama. Nilikaa kitandani kabla ya kupokea.

"Ile taa ni taa gani?" Hakusalimia hata.

"Shikamoo baba. Ni LED."

"Ndiyo maana sikulala vizuri. Inapiga vishindo?"

Nikamwambia inapiga vishindo. Akasema nilijua. Halafu baba yangu, ambaye miaka miwili alikuwa ananipa dakika moja kwa Idi, aliongea na mimi dakika kumi na saba kuhusu balbu. Akasema LED ni kiberiti cha gesi, ukibonyeza ipo, ukiachia haipo. Balbu ya nyuzi ni mkaa. Ukiupepea unashika polepole, ukiacha kupepea unapoa polepole, na kupoa kwake si sawa na kushika kwake. "Huyo Mjapani wako," akasema, "hakutengeneza mashine ya kupumua. Alitumia mkaa, mkaa unapumua wenyewe." Na LDR nayo, akasema, ni nzito kuamka na nzito zaidi kulala, kwa hiyo kitu kimoja kizito kinakifuata kingine kizito. Nilikuwa naandika nyuma ya risiti.

Nikamwambia tatizo Kariakoo balbu ndogo za hivyo nimezikosa. Akanyamaza. "Nitaangalia," akasema.

Siku mbili baadaye kondakta wa basi la Tanga alinipigia niende stendi ya Magufuli kule Mbezi kuchukua mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa boksi la kiberiti lililofungwa kwa uzi. Ndani kuna pamba, ndani ya pamba kuna kibalbu kidogo kama punje ya mpunga, miguu yake miwili imekatwa vizuri, na kikaratasi kwa mwandiko wa baba: *V 12. Usiwashe kwa pupa. Anza chini mpaka uone wekundu, ndipo upandishe.*

Nilimpigia kushukuru. Nikauliza ameipata wapi. Akasema kwenye redio.

"Redio gani baba?"

"Hii hii. Ilikuwa nyuma ya kioo cha stesheni."

Nilishindwa kujibu. Ile redio, usiku barazani, kitu pekee kilichokuwa kinawaka ni kile kioo chake cha manjano chenye majina ya miji. Nikasema, sasa utaonaje stesheni usiku? Akasema stesheni anazijua kwa mkono, na stesheni zenyewe za masafa mafupi zilizobaki hazijazi kiganja. Halafu akasema kitu kingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema bei ya sukari.

"Na macho yenyewe ndiyo haya. Mwaka wa nne huu rangi za rezista naziona zote kahawia. Wateja wakija na redio namwita mtoto wa jirani anisomee, naye ananidanganya."

Mwaka wa nne. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Mwaka wa nne maana yake siku aliyonitumia ile laki nne alikuwa tayari haoni rangi. Mimi siku zote nilijua ile ada ilikuwa ya maisha yangu, na nilikuwa na hoja zangu kamili kuhusu haki ya kijana kuchagua maisha yake, nimeshazitoa mpaka baa. Hakuna aliyeniambia kwamba mzee alikuwa anatafuta macho. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema, "Ungesoma kwa kunihurumia. Fundi wa huruma anaunguza vitu vya watu." Akaaga, akakata.

Balbu niliiweka usiku huo. Nilianza chini, kama alivyoandika. Uzi wake ukaanza wekundu hafifu ndani ya kopo la nyanya, nikapandisha kidogo, kidogo tena, nikafunika, nikafunga bati. Nikapiga ile noti. Sitakueleza ilivyokuwa, maana nimeshatumia mifano yote ya maji na kifua. Nitasema tu kwamba jirani yangu wa vitumbua alikuja kugonga mlango saa tano usiku, nikajua nimeyakoroga, akasema, "Hapana, endelea. Nilikuwa nauliza tu kama ni redio."

Jumapili nilipiga solo mbili, ya tatu nikaongezewa. Mzee mmoja mwenye kitambi alinitunza elfu kumi akaibandika kwenye paji la uso wangu lenye jasho. Kiongozi wetu hakusema kitu, ila mpiga kinanda alininunia mpaka tunafunga vyombo. Elfu kumi hiyo ilikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba, ambaye aliipokea kwa vidole viwili.

Usiku ule ule nikampigia baba. Nilimwekea simu mbele ya spika nikampigia dakika mbili hivi, taratibu, zile za zamani anazozipenda za Tanga kwake. Nikachukua simu sikioni, nikasubiri.

"Simu inakula sauti," akasema. "Nasikia kama nyuki kwenye chupa. Ilete."

Ijumaa ya wiki iliyofuata niliomba ruhusa kwenye bendi, nikapanda basi. Chalinze, Segera, Muheza, bati la biskuti limekaa mapajani kama mtoto, kwa sababu sikuliamini buti la basi. Abiria mwenzangu aliniomba biskuti mara mbili. Nilifika Ngamiani saa kumi jioni. Kibanda kimepungua upana, au mimi nimeongezeka. Baba alikuwa amekaa kwenye meza yake, miwani miwili, mmoja puani, mwingine kwenye paji, na redio ya mteja imefunguliwa tumbo mbele yake.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikaliweka bati mezani, nikaanza kufungua begi la gitaa.

"Hilo baadaye," akasema. Akasogeza ile bodi ya redio mpaka kwenye mwanga, akaweka ncha ya bisibisi juu ya rezista moja. "Nisomee hii."

Nikainama.

"Kahawia. Nyeusi. Chungwa."

"Chungwa, siyo nyekundu?"

"Chungwa, baba."

"Elfu kumi," akasema, akaandika kwenye daftari. Akasogeza bisibisi. "Na hii?"